Dumu tupu kwenye pipa la maji

Juzi, kwenye foleni ya sheli pale Tegeta, mtoto kaniuliza yale mabomba membamba yaliyosimama ukutani, marefu kuliko ukuta wenyewe, ni ya nini. Nikamwambia tangi linapumua. Lori likishusha lita 10,000 za petroli ardhini, hewa yenye mvuke ya ujazo uleule lazima itafute pa kutokea, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hushuka, hutambaa chini. Ndiyo maana bomba linapandishwa juu, ili upepo uutawanye mvuke kabla haujafika kwenye jiko la mtu. Akaridhika. Mimi nikabaki na ule mkutano wa sheli wa kule Boko kichwani.

Wa zamani mnaukumbuka. Kiwanja cha kona kilipimwa cha makazi, mwenyewe anataka kibadilishwe matumizi ajenge sheli. Tangazo likabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akatuita jioni chini ya mwembe, viti vya plastiki vya kukodi, soda zipo. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla hata ya dua. Nalisema hili kwa sababu watu bado wanachanganya: kusaini mahudhurio si kukubali mradi, lakini karatasi ile huambatishwa kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayokwenda kwa chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, iwe ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Pingamizi lisipoingia kwenye muhtasari, kinachobaki ni saini yako na soda uliyokunywa.

Nusu ya kwanza ya mkutano ilikuwa kelele. Vijana wa bodaboda wanaitaka sheli hata kesho. Wenye nyumba wanauliza viwanja vitapanda bei au vitashuka. Mama mmoja wa maandazi akauliza kuhusu moto, akajibiwa kwamba mitungi ya kuzimia na ndoo za mchanga zitakuwepo. Jibu la kweli, ila si la swali lake. Kwenye mchoro mabomba ya kupumulia yalikuwa yamewekwa upande wa jiko lake.

Ndipo akasimama yule mzee aliyechimba karibu visima vyote vya mtaa, akamgeukia mhandisi wa mwekezaji.

"Mhandisi, tangi lako la lita ngapi?"

"Elfu thelathini, mzee wangu."

"Na shimo lake?"

"Kama mita nne hivi."

"Mita nne hapa? Kisima cha mwenyekiti nilikichimba mimi. Aprili anachota kwa kata, hahitaji kamba."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaomba pipa la maji lililokuwa nyuma ya ofisi, na dumu tupu la lita 20, mfuniko umekazwa. Akamchagua kijana wa bodaboda mwenye mwili kuliko wote, akamwambia alizamishe. Kijana akasukuma kwa mkono mmoja, dumu likageuka. Akatia mikono miwili, kisha kifua, maji yakamwagika miguuni pake, dumu bado linamsukuma juu. Alipoliachia lilichupa nusu nzima nje ya pipa na kumrushia maji mtendaji na muhtasari wake.

"Hilo la lita 20," mzee akasema, akakaa.

Mhandisi, nampa haki yake, hakumdharau. Hesabu yenyewe ni fupi. Tangi la chuma la ujazo ule lina uzito wa tani tatu au nne hivi. Likiwa tupu, likazungukwa na maji, linasukumwa juu na nguvu ya tani 30. Tofauti hiyo lazima ishikwe na kitu: bamba la zege lenye nondo chini ya shimo, pana kuliko tangi, na mikanda ya chuma inayolifunga tangi kwenye zege. Mchanga ukishajazwa juu na pembeni, uzito unatosha na ziada. Hatari kubwa iko kati ya siku tangi linaposhushwa na siku shimo linapofukiwa. Mvua moja kubwa ya usiku, tangi linaibuka na kuvunja kila bomba lililoungwa. Dawa yake ni kulijaza maji safi mara linaposhushwa, kisha kuyatoa na kulikausha kabla ya kuingiza mafuta. Au, kama mzee alivyosema bila hesabu, chimba Agosti. Ratiba yao ilianza Machi.

Suala la visima likafuata lenyewe. Mara nyingi kinachovuja ni maungio ya mabomba kati ya tangi na pampu, tangi lenyewe likiwa zima. Asubuhi unapiga dipu, yaani unapima mafuta ya tangini kwa kijiti kirefu, unalinganisha na mauzo ya pampu; lakini lita moja kwa siku hujificha ndani ya makosa ya kawaida ya kipimo, na kwa mwaka hizo ni lita 365. Petroli ni nyepesi, huelea juu ya maji ya ardhini, hupanda na kushuka nayo misimu ikibadilika, huku sehemu yake ikiyeyuka. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii. Unaujaza mvuke jikoni.

Muhtasari ukaandikwa upya kwenye karatasi kavu: bamba na mikanda, kuchimba kiangazi, mabomba ya kupumulia yahamishiwe upande wa barabara, visima viwili vya uchunguzi ndani ya kiwanja, vya kuonyesha kama mafuta yanavuja. Mwekezaji akasema amesikia. Hakurudi. Wengine wanasema gharama ilimshinda, wengine kwamba alipata kiwanja barabara ya Bagamoyo ambako hakuna wazee wenye madumu.

Kwenye kona ile sasa kuna gereji. Oili chafu inamwagwa mchangani, mita chache kutoka kisima cha kwanza, na hakuna aliyeitisha mkutano kwa ajili yake. Bodaboda nao wamejitafutia njia: petroli inauzwa kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, juu ya meza ya mbao, jirani na mama wa maandazi. Nilipomuuliza haogopi, akaniambia angalau muuzaji anamfahamu.