Kamba Asiye na Kichwa

Tangu nianze kusoma habari za Anomalocaris, mnyama wa baharini aliyetoweka zamani za kale, nimekutana na wengi wanaowacheka wanasayansi waliomtambua visivyo, nami nimeshindwa kuwaunga mkono. Anayenunua kamba katika bandari ya kale ya Mombasa anajua jinsi mnyama wa namna hiyo anavyosambaratika: kichwa huku, magamba kule, miguu kando, na asiyewahi kumwona kamba mzima, ukimpa mkia peke yake, hatakisia macho yalikuwa wapi.

Mwaka 1892 mwanasayansi Joseph Whiteaves alieleza visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, kutoka Mlima Stephen, nchini Kanada: vipande vilivyopinda, vyenye vipingili na miiba upande wa chini. Aliviona kuwa viwiliwili vya wanyama wa jamii ya kamba waliopoteza vichwa. Mwaka 1911 Charles Walcott alieleza duara la vibamba lenye tundu katikati, mfano wa kipande cha nanasi, akalihesabu kuwa konyeza, na mwili mwingine uliobanwa bapa mwambani akauweka katika kundi la majongoo bahari. Ilipofika mwaka 1985 ndipo Harry Whittington na Derek Briggs walipoonyesha kwamba vile vilivyodhaniwa kuwa wanyama mbalimbali vilikuwa viungo vya aina moja ya mnyama, ndiye Anomalocaris: yule “kamba” alikuwa mkono wa kukamatia mawindo, na yule “konyeza” alikuwa mdomo.

Jana, nikisafisha kamba wa kupika kwa nazi, niliviweka vichwa kwenye sinia nikaviangalia kimoja kimoja, macho yao meusi yakiwa juu ya vikonyo vyake, hata mama akauliza, “Mwanangu, hao kamba watapikwa au watasomwa?” Anomalocaris naye alikuwa na macho juu ya vikonyo. Mwaka 2011 yalielezwa macho ya jamaa yake kutoka Kisiwa cha Kangaroo, Australia, na kila jicho lilikuwa na lenzi zisizopungua 16,000. Huku kwetu hatutampata, kwa kuwa mwamba wa matumbawe uliobeba Ngome ya Yesu haujatimiza hata miaka milioni moja, na yeye aliishi miaka ipatayo milioni 508 iliyopita.

Hata marekebisho ya mwaka 1985 yamerekebishwa. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ule mdomo wa duara ni wa Peytoia, jamaa yake wa karibu, na kwamba mdomo wa Anomalocaris mwenyewe ulikuwa na vibamba vitatu vikubwa vyenye vidogo kati yake. Vitabu vingi vilikuwa vikimchora akiwavunjavunja trilobiti, wanyama wa kale wa baharini wenye magamba magumu. Uchunguzi wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mikono ile ingeumia kwa kazi hiyo, na kwamba yaelekea aliwinda viumbe laini waliokuwa wakiogelea, jambo ambalo mimi naliona la busara zaidi kwa mwindaji mwenye macho makali kiasi kile.