Nilivyopata moshi wa mapigo kwenye kichwa cha treni ya modeli

Kichwa chenyewe ni cha mvuke, kipimo cha 1:43.5, silinda mbili, na relini kuna umeme wa dijitali wa volti 16. Kilikuwa na kile kijibomba cha kawaida chenye waya wa joto ndani: mafuta yanapanda, yanachemka, moshi unatoka mfululizo kama ubani kwenye chetezo. Moshi mwingi, uhai hakuna. Garimoshi la kweli lenye silinda mbili hutoa mapigo manne ya mvuke kila magurudumu ya kuendeshea yanapozunguka mara moja, kwa sababu mvuke husukuma kila pistoni kutoka pande zote mbili.

Nilitoa kijibomba, nikaweka kisanduku cha shaba njano cha milimita 22 kwa 16 kwa 12. Ndani yake kuna rizista ya waya ya omu 8 inayolishwa volti 5, yaani wati 3 na kidogo, imezungushiwa utambi wa nyuzi za kioo. Volti 16 nazishusha kwa kipunguza volti cha ampea 2. Miguu ya rizista usiilehemu ndani ya kisanduku: risasi ya kulehemu ya kawaida huyeyuka karibu nyuzi joto 183 za Selsiasi, na rizista ikikaukiwa mafuta inafika huko upesi. Niliibana kwa vijibomba vya shaba, nikalehemu nje. Kati ya kisanduku na bodi ya plastiki niliacha nafasi ya milimita 3. Dohani ya ndani ina kipenyo cha milimita 5. Nilipojaribu 8, moshi ulilegea na kumwagikia pembeni.

Kazi hasa iko kwenye feni ndogo inayosukuma moshi kutoka kwenye dohani. Wengi huiwasha na kuizima, kisha hushangaa mapigo hayaonekani. Mota ikikatiwa umeme huendelea kuzunguka, na moshi unaendelea kusukumwa. Lazima ipigwe breki: transista moja inalisha mota, ya pili inaunganisha nguzo mbili za mota. Weka pengo la milisekunde 1 kati ya kuzima ya kwanza na kuwasha ya pili, la sivyo umeme unapita moja kwa moja na zote mbili zinaungua. Feni naiwasha kwa asilimia 40 ya muda wa pigo, isizidi milisekunde 90, iliyobaki ni breki.

Pigo linaanzia kwenye ekseli: kisahani chenye sumaku nne za milimita 2, na kihisi cha sumaku umbali wa milimita 1.5. Sumaku zote zitazame upande mmoja. Ukigeuza moja, kihisi hakiioni na treni inachechemea: tatu, kimya, tatu, kimya. Mapigo yakizidi 8 kwa sekunde naiacha feni izunguke tu. Kwa magurudumu yangu ya milimita 34 huo ni kama mwendo wa kilomita 33 kwa saa kwa kipimo cha modeli, na feni haiwahi tena kusimama.

Anayetaka kutengeneza Garratt, aina ya garimoshi lenye mitambo miwili chini ya boila moja, kama zile za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki, anahitaji vihisi viwili. Ule ni mtambo wenye jozi mbili za silinda, na mapigo ya jozi hizo hukutana na kuachana njiani. Kihisi kimoja kitakupa mdundo mmoja mkavu.

Mafuta ni yale maalumu ya moshi wa modeli, mililita 1 tu, kwa sirinji. Yakizidi, rizista inazama, haipati joto la kutosha, na dohani inatema matone. Yanyonye kwa sirinji hiyohiyo. Mafuta ya kupikia huganda kama gundi. Mafuta ya taa usiyaguse kabisa: mvuke wake unashika moto kirahisi mno. Moshi ukipungua ilhali mafuta yapo, fungua utazame utambi. Ukiwa mweusi na mgumu haunyonyi tena, badilisha. Uliungua siku kichwa kilipoachwa kimewashwa kikavu. Ndiyo maana treni ikisimama nashusha joto hadi asilimia 60.

Rangi ya moshi itabaki nyeupe, na mimi naona inatosha, maana mvuke wa asubuhi ya baridi ndivyo ulivyo. Kuchanganya rangi nyeusi kwenye mafuta ni kuziba utambi. Dirisha liwe wazi, na baada ya kila kipindi futa reli na magurudumu kwa spiriti: utando wa mafuta unaoanguka kutoka dohani hauonekani, lakini kichwa kitateleza kwenye mlima wa kwanza.