Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya zamu kwenye hosteli ya pati, Kilifi

Saa saba na nusu mchana

Nafika mapema manake Ijumaa huku Kilifi inaleta watu wa aina mbili kwa pamoja, wale wa mabegi mgongoni wanaotoka Mombasa na Nairobi, na makomredi wa Pwani University ambao wiki nzima wameshinda darasani na sasa wanatafuta pa kuchezea muziki bila kumaliza pesa ya mwezi. Mimi ndo wa risepsheni mpaka tufunge. Watu wengi wakiskia hosteli ya pati wanadhani kazi ni kukaa kwenye muziki, lakini pati ya bei nafuu inatengenezwa mchana, na usipoitengeneza mchana usiku itakutesa wewe na wageni wako na majirani.

Naanza na bweni. Kitanda kwetu ni shilingi 1,500 kwa usiku, ukija na hema lako 800. Neti naziangalia moja moja, naishika pembe mbili nainyoosha kwenye mwanga wa dirisha, nikiona tundu natoa sindano nashona hapo hapo, sisubiri fundi. Mtu akirudi saa nane usiku amechoka hataanza kupigana na mbu, atalala hivohivo, na huku pwani malaria ipo kweli. Halafu makufuli ya kabati, halafu ndoo za msalani, hayo yanaenda haraka.

Saa tisa mchana

Wageni wanaanza kuingia. Leo kuna kikundi kilichopanda treni ya Madaraka ya usiku kutoka Nairobi, kiti cha kawaida 1,500 tangu nauli ipande Januari 2024, wakashuka Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, alfajiri, wakanywa chai mjini Mombasa na kuzungukazunguka, kisha matatu ya Malindi kilomita kama sitini mpaka hapa. Wote wanauliza kuhusu daraja. Nawaambia daraja limefunguliwa 1991, kabla ya hapo ukifika Mnarani, ng'ambo ya maji, unangoja feri uvushwe, ndo maana mpaka leo kule chini panaitwa Old Ferry na ndiko watu wanaenda kukaa jioni.

Naandika kitambulisho au pasipoti, namba ya simu ya mtu wa nyumbani, na namuuliza kila mmoja kama anajua kuogelea. Swali hilo linawashangaza lakini utaona kwa nini.

Saa kumi jioni

Natoka kwenda kwa jirani, bi mkubwa anayeishi na wajukuu nyuma ya ukuta wetu. Kila Ijumaa lazima niende mwenyewe, situmi ujumbe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mtapiga mpaka saa ngapi?"

"Saa mbili tunapunguza mama, na spika tumezigeuzia kriki, huko kwenye mkono wa bahari."

"Mjukuu wangu ana mtihani Jumatatu."

"Nimeskia mama. Ukiona imezidi nipigie mimi, usingoje."

Namba yangu anayo, imeandikwa kwa chaki mlangoni kwake. Na hili si la adabu peke yake. Kanuni za kelele za 2009 zinasema usiku unaanza saa mbili, na maeneo ya makazi nje kiwango kinashuka kutoka desibeli 50 hadi 35, na 35 kwa kweli ni karibu na mnong'ono. Baa nyingi zinasubiri mpaka NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, au askari waje. Mimi naona ukimheshimu jirani kabla hajalalamika, hosteli inaishi miaka mingi, na wale wanaokuja kucheza kwa bei ya chini wanabaki na mahali pa kwenda.

Saa kumi na moja jioni

Baa inafunguliwa. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu wanaita sheria ya Mututho, inaipa baa ya kawaida saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za wiki. Kabla chupa haijapanda rafu naipiga skani kwa simu, ule muhuri wa KRA, wale wa ushuru, kwa programu ya Soma Label, na isiyosoma inarudi kwa aliyeileta hata kama bei yake ilikuwa tamu. Tangu watu wafe Kirinyaga Februari 2024 kwa pombe yenye sumu sitaki hadithi ya chupa za rahisi. Mtu anayetafuta starehe ya bei nafuu ndo wa kwanza kuuziwa kitu kibaya, na mara nyingi ni kijana wa chuo.

Mnazi, ile pombe ya utomvu wa mnazi, wageni wanauulizia sana. Nawaeleza, wa asubuhi ni mtamu na mwepesi, ukikaa mpaka jioni unazidi kuchacha na unakuwa mkali, kwa hivo usihesabu glasi kama zile za mchana. Na jagi la maji ya kunywa liko kaunta bure, muda wote, usiku mzima. Kuna hosteli zinauza maji ghali kuliko soda na mimi hiyo siikubali kabisa, umemuuzia mtu pombe halafu unamnyima maji?

Saa moja usiku

Makomredi hao. Wameshakula viazi karai na mishikaki barabarani kabla ya kuingia, wanajua wanachofanya, na mimi huwa nawaambia wageni wangu wawafuate wao maana ukila hapo nje umeshiba kwa pesa kidogo na ukija kucheza tumbo halina shida. Kiingilio ni mia mbili na kinarudi kama soda moja. Mmoja ananiambia, "Dada, HELB haijaingia bado, nifanyie mia." HELB ndo ule mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa chuo. Namuangalia, namwambia ingia, utasaidia kupanga viti mwisho. Hiyo tunafanya mara nyingi na sijawahi kuona kijana akikimbia viti.

Dijei mwenyewe ni wa chuo. Anaanza na taarabu za zamani watu wakiwa wanakula, anapandisha pole pole, na mpaka saa mbili kasoro uwanja umejaa, mzungu, Mgiriama, mtu wa Nairobi, daktari wa utafiti kutoka KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wote jasho. Nusu saa hiyo naipenda sana. Hakuna meza za VIP kwetu, hakuna kamba, aliyelipa hema na aliyelipa chumba wanacheza mahali pamoja.

Saa mbili kamili sauti inashuka. Wanalalamika kidogo, baadaye wanazoea, wanaanza kuongea, na ukweli urafiki mwingi hapa unaanza muziki ukishuka.

Saa nne usiku

Hapa ndo pale swali langu la kuogelea linapokuja. Leo ni giza la mwezi, na giza la mwezi kriki inawaka. Ndani ya maji kuna vijidudu vidogo sana ambavyo huvioni kwa macho, maji yakitikisika vinatoa mwanga wa buluu. Kila mgeni ameona picha na kila mgeni anataka kujitupa majini saa hiyohiyo, na wengine wameshakunywa.

Tatizo ni kwamba siku za giza ndizo siku za bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, kwa hivo usiku mzuri wa kuona mwanga ndo usiku wenye mkondo mkali. Yakiwa yanapwa chini ya daraja yanavuta kuelekea bahari kuu na hata muogeleaji mzuri hashindani nayo. Lakini huku kwetu wakati wa bamvua maji yanamaliza kupwa mida ya saa nne, yanasimama kidogo, halafu yanaanza kujaa, na yakijaa yanakusukuma ndani, si nje. Nahodha wetu, mzee aliyezaliwa hapa Mnarani, ndo anayesema twende au hatwendi, na akisema hatwendi nimewahi kurudisha pesa za watu wote wala sikubishana.

Leo anasema twende. Napita mstari mmoja mmoja, aliyekunywa zaidi ya kidogo anabaki, kuna kaka mmoja anakasirika, namwambia kaka yangu kesho giza bado lipo, kesho ukija mkavu nakupeleka wa kwanza. Anakaa. Wengine wanavaa jaketi za kuelea, dau linatoka bila taa. Katikati ya kriki mzee anainua kasia, matone yanadondoka na kila tone likigusa maji linafanya duara la mwanga. Msichana mmoja anatia mkono, vidole vyake vinaonekana vyote vitano vikiwa na kingo za buluu, anautoa, bado kuna chembe mbili tatu zinawaka kwenye kucha halafu zinazima. Anarudia tena na tena, hasemi kitu. Bei yake ni mia tano. Nimeona watu waliolipa maelfu kwenye klabu za Mombasa wakisema hii ndo watakayokumbuka.

Saa tano usiku

Baa imefungwa, nazima taa ya friji ya kaunta. Sasa ni bodaboda. Usiku bei zinapanda, kwa hivo mchana nilishakubaliana na vijana wa stendi bei moja ya kufika chuo, na kila anayepanda naandika namba ya pikipiki kwenye kitabu, na dada yeyote anayetoka peke yake ananitumia ujumbe akifika. Usipokuja ujumbe napiga. Kama hashiki nampigia dereva. Wapo wanaoona nawafuatilia sana, sawa tu.

Saa saba usiku

Kimya sasa. Wasichana wawili wa kigeni wanaomba kuhamia bweni la wanawake, nawahamisha bila maswali. Yule kijana wa mia amepanga viti vyote na amefagia pia, nampa chapati iliyobaki na nafasi kwenye boda ya mwisho. Ujumbe umeingia kutoka kwa wote isipokuwa mmoja, napiga, anashika, alisahau tu, ameshalala.

Saa tisa usiku

Mlinzi anachukua lango. Namuandikia mwenzangu wa asubuhi: yule kaka wa dau ni wa kwanza kesho, neti ya kitanda cha nne karibu na dirisha ibadilishwe, maji ya jagi yajazwe kabla ya kiamshakinywa, na kesho ni Jumamosi, baa inaruhusiwa kuanzia saa nane mchana, kwa hivo kwa bi mkubwa mtu aende kabla ya adhuhuri.