Aiskrimu ya chokoleti bila mashine: jaribio la nne limekubali

Jumapili, jaribio la 1

Watoto wangu wanapenda aiskrimu ya chokoleti, nami nataka wale yenye kakao ya kweli, mtu akionja ajue ameonja kakao. Mashine sina na sitanunua. Nina friji ya mlango mmoja yenye kisehemu kidogo cha kugandishia juu, nina sufuria, mchapo wa mayai na mbuzi ya kukunia nazi. Nimeamua mpaka Ramadhani ifike niwe nimeipata.

Leo nimechemsha maziwa nusu lita na vijiko vinne vya kakao. Sukari nimeweka vijiko vitatu tu, maana niliona watoto wanakula sukari nyingi. Ikapoa, nikamimina kwenye bakuli, nikaiacha igande usiku kucha.

Asubuhi nimekuta jiwe. Kijiko kimepinda.

Kosa ni ile sukari niliyoibana. Maji yenye sukari hayagandi kwenye sifuri, yanataka baridi kali zaidi. Ndiyo maana ndani ya aiskrimu nzuri kuna maji matamu kidogo yasiyoganda katikati ya chembe za barafu, na ulaini unatoka hapo. Halafu kitu cha baridi sana ulimi hauonji utamu wake sawasawa, kwa hiyo mchanganyiko lazima uwe mtamu kidogo kupita kiasi ukiwa bado moto.

Jumatano, jaribio la 2

Sukari imepanda hadi gramu 160, na mafuta nimeyatafuta kwenye nazi. Krimu ya dukani ni ghali, na hapa Tanga nazi haijawahi kunishinda. Nimekuna nazi mbili, nikakamua tui bubu kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, nikapata kama mililita 400.

Tui usilichemshe na maziwa. Nilifanya hivyo mara ya kwanza leo, likakatika, mafuta yakaelea juu kama mchuzi ulioharibika, ikabidi nikune nazi upya. Epua sufuria kwanza, acha mvuke upungue, ndipo utie tui huku unakoroga upande mmoja.

Kila baada ya dakika 40 nilitoa bakuli, nikakwangua kingo kwa uma na kuchapa. Kuganda kunaanzia pembeni, na usipovunja zile chembe zikiwa changa zinashikana kuwa vipande. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hadi saa tatu usiku, umeme ukakatika. Uliporudi saa saba, nilikuwa nimeshalala.

“Mama, mbona ina mchanga?” ndilo swali nililoamka nalo. Ameuliza sawa kabisa. Ikiyeyuka kidogo, chembe ndogo ndizo zinazokwisha mwanzo. Ikiganda tena, yale maji yanajishikiza kwenye chembe kubwa zilizobaki, zinazidi kukua. Hata hivyo ladha ya tui na kakao imenipa moyo, sitaiacha.

Jumamosi, jaribio la 3

Wifi yangu yuko Kyela, na Kyela ndiko kakao yetu nyingi inakolimwa. Amenitumia mbegu kavu kilo moja. Nimezikaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka maganda yakaanza kupasuka na nyumba nzima ikanukia. Nikamenya, nikapepeta kwa ungo, nikatwanga kinuni. Nilitegemea unga. Nilichopata ni uji mzito unaong’aa unaong’ang’ania mchi, kwa sababu karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Unga wa kopo umeshakamuliwa sehemu kubwa ya mafuta hayo, ndiyo maana ni mkavu.

Basi nikayeyusha uji ule kwenye maziwa ya moto na kuchuja kwa kitambaa. Chenga zimebaki nyingi, lakini kilichopita kina uchungu mzuri na harufu ambayo kopo halina. Nimeamua: sehemu kubwa unga wa kopo, na vijiko viwili vya uji wa Kyela kwa ajili ya harufu.

Leo pia nimeongeza konflawa vijiko viwili vya chakula. Inayashika maji, yasitembee ovyo wakati wa kuganda. Mchanga umepungua lakini haujaisha. Nimeona tatizo limebaki moja tu, friji yangu inagandisha polepole mno, na chembe zikipewa muda zinakua.

Jumapili iliyofuata, jaribio la 4

Nimeacha friji, nimeenda kwenye barafu na chumvi.

Jirani yetu anauza barafu za mfuko. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mwanangu. Barafu yote hii, una shughuli?” Nikamwambia natengeneza aiskrimu. “Bila mashine?” Akacheka, akanichagulia mifuko iliyoganda vizuri, akasema nisimsahau.

Mchanganyiko wa mwisho ni huu: maziwa nusu lita, tui bubu mililita 400, unga wa kakao gramu 50, vijiko viwili vya kakao ya Kyela, sukari gramu 160, konflawa vijiko viwili, chumvi robo kijiko cha chai, na kikombe kimoja cha kahawa chungu, vile vidogo vya barazani. Kahawa haionjeki, inaikoleza chokoleti tu. Changanya kakao, konflawa na sukari zikiwa kavu, tia maziwa ya moto kidogo kidogo mpaka madonge yaishe, chemsha dakika mbili, epua, tia tui. Ilale kwenye friji hadi ipoe kabisa.

Kwenye beseni nimeweka barafu kilo tatu iliyopondwa na chumvi ya mawe gramu 700, tabaka kwa tabaka. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na inapoyeyuka inanyonya joto la kila kilicho karibu. Baridi yake inaweza kufika nyuzi 21 chini ya sifuri, kwa hiyo nilifunga taulo mkononi. Katikati nikachomeka sufuria ya alumini. Ya plastiki haifai, haipitishi baridi upesi. Na angalia maji ya chumvi yasifikie mdomo wa sufuria.

Dakika tano za mwanzo hakuna kitu. Kisha mwiko ukaanza kuteleza juu ya utando mwembamba pembeni. Nikaukwangua, nikauingiza katikati, nikazungusha sufuria robo duara, nikakwangua tena. Mwanangu mkubwa alizungusha, mimi nikakwangua. Kufika dakika ya 25 mwiko ulikuwa unaacha mfereji usiofunga, na rangi imepauka kidogo kwa hewa iliyoingia. Tukaifunika na nailoni iliyogusa uso wake, ikakaa saa mbili kwenye friji.

Imekatika kwa kijiko. Laini, nzito, uchungu wa kakao unakuja mwisho baada ya nazi. Hakuna aliyetaja mchanga.

Alhamisi

Siku ya nne kwenye friji imekuwa ngumu kiasi. Nikiitoa dakika kumi kabla ya kula inarudi sawa. Bibi nilimpelekea bakuli lake Jumapili ileile jioni. Limerudi leo, limeoshwa, ndani mna mifuko miwili ya barafu.