Mwenzako akisema "natoka"

Harufu ya klorini bado inanirudisha Beni, mji wa mashariki mwa Kongo. Juzi mama wa usafi alimwaga ndoo yake kwenye korido ya wodi ya wazazi ninakofanya kazi sasa, nami nikajikuta nimekunja ngumi, vidole vyote ndani, kama mtu anayeogopa kujigusa uso. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287. Watu huniambia, "Ninyi wauguzi ni chuma." Najua wananisifu kwa moyo mweupe, lakini sikuwa chuma, na nataka kusema ni nini kilichonishika nisianguke.

Ni kanuni moja ndogo. Kwenye kituo cha kutibu Ebola nilikofanya kazi, hakuna aliyeingia zoni nyekundu, walikolazwa wagonjwa, peke yake. Mnaingia wawili. Mnakaguana: buti, ovaroli, glavu jozi mbili, barakoa, miwani, aproni. Mwenzako anakuandikia kifuani kwa kalamu nene jina lako na saa uliyoingia, maana ndani nyuso hazijulikani. Na mmoja akisema "natoka," mnatoka wote wawili. Haulizwi sababu.

Kanuni hiyo iliniudhi. Mimi nilifundishwa uuguzi na masista, na kwao aliyekaa chini wakati wa zamu alikuwa mvivu.

Siku moja tulimaliza kumwandaa mama mmoja aliyefariki. Mtoto wake alikuwa upande wa pili wa plastiki, anamwita. Jasho lilikuwa limejaa kwenye buti zangu, miwani ina ukungu, nami nikaelekea kitanda kilichofuata. Mwenzangu, kijana niliyemzidi miaka kama kumi, akanigusa kiwiko: "Yaya," yaani dada mkubwa, "natoka." Nilimfuata kwa hasira.

Pa kuvulia, papa mwenye pampu ya klorini ndiye anayekuongoza. "Nawa mikono, mama. Fungua aproni. Nawa tena. Sasa miwani, funga macho, inama. Taratibu." Kila kitu kimoja, kunawa. Mikono yangu ilitetemeka hata nikashindwa kuipata kamba ya aproni. Alirudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, mpaka nikaipata.

Nje, yule kijana aliniambia kwamba hakuwa amechoka. Alikuwa ameniona nikimimina maji kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Nyumbani hapakuwa na nafuu. Disemba 2018 uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu, wengi walisema ugonjwa huu ni siasa na biashara yetu sisi tuliovaa nguo nyeupe. Kadi yangu ya kazi niliificha chini ya sombe, majani ya muhogo, kwenye kikapu. Sikuwalaumu wote. Watu waliozika wenzao waliouawa kwa mapanga miaka mingi bila mtu kuja, leo wanaona magari yanafurika kwa ajili ya homa, wangeaminije?

Sikutoka pale nikiwa jasiri zaidi. Usingizi wangu bado ni wa vipande. Kilichobadilika ni kwamba neno "natoka" sasa linanitoka mdomoni. Mume wangu nilimsimulia habari ya yule mtoto mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, tukimenya ndizi. Hakusema kitu. Aliendelea kumenya, akasogeza kigoda chake karibu.

Mwezi uliopita, zamu ya usiku, tulimpoteza mzazi kwa kutokwa damu. Muuguzi mdogo, hajamaliza hata mwaka kazini, alisimama kwenye sinki akinawa mikono, akinawa, akinawa. Nilimwomba mwenzetu wa chumba cha pili atushikie wodi, nikaenda nikasimama karibu yake.

"Dada, natoka."

"Toka tu, yaya, mimi nabaki."

"Hapana. Nikitoka, unatoka."

Tulikaa kwenye benchi la nyuma, pale zinapoanikwa shuka, na termosi yangu ya chai. Alilia, kisha akaniuliza kama mikono yangu iliwahi kuacha kutetemeka. Nikamnyooshea aitazame. Tulirudi ndani pamoja saa kumi na nusu, kabla jogoo hawajaanza.