Gesi inayolegeza mishipa ya mapafu

Usiku mmoja wa zamu yangu hapa Bukavu, mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi yake alibaki na midomo ya buluu ijapokuwa tulikuwa tumempa oksijeni, na bibi yake akaniuliza, “Mwanangu, mbona pumzi haimwingii?”

Pumzi ilikuwa inaingia. Damu ndiyo haikuifikia. Tumboni mwa mama mishipa ya mapafu hubana, kwa sababu oksijeni hutoka kwenye kondo, na isipolegea baada ya kuzaliwa, damu huendelea kupita njia za zamani na kuyakwepa mapafu.

Oksidi ya nitriki, gesi ambayo kuta za mishipa yenyewe huitengeneza, huilegeza misuli ya mishipa hiyo. Mtoto akiivuta, kwa kawaida sehemu 20 katika kila milioni ya hewa, hufanya kazi pale tu hewa inapofika, kisha himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, huinasa mara moja, hivyo shinikizo la damu la mwili mzima halishuki. Hilo hunistaajabisha kila ninapolifikiria. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1999. Sisi usiku ule hatukuwa nayo: tulikuwa na oksijeni, joto na utulivu, na bibi hakuondoka kando ya kitanda.