Mama alizaliwa Januari mosi, kwa hiyo Medicare yake ilianza Desemba

Kitambulisho cha Mama kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1960. Bibi, hadi anafariki, alisema Mama alizaliwa wakati wa masika, mto umefurika, mkunga ameshindwa kuvuka. Lakini siku Mama alipokwenda kuchukua kitambulisho kule Wundanyi, Kenya, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alijua mwaka tu, na karani akajaza Januari mosi kama alivyowajazia wengine kwenye foleni ile. Tarehe hiyo ikamfuata kwenye pasipoti, kwenye grini kadi, mpaka kwenye uraia wa Marekani.

Naanza hapo kwa sababu wengi wetu tulio huku tuna wazazi wa Januari mosi, na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa waliofika miaka 65, ina kanuni yake kuhusu watu hao. Aliyezaliwa tarehe 1 ya mwezi wowote huhesabiwa kana kwamba alitimiza miaka 65 mwezi uliotangulia. Kwa hiyo bima ya Mama haikupaswa kuanza Januari 2025, ilianza tarehe 1 Desemba 2024. Na kwa kuwa dirisha la kujiandikisha lina miezi 7, yaani mitatu kabla, mwezi wenyewe, na mitatu baada, dirisha lake lilifunguka Septemba na kufungwa mwisho wa Machi. Ukihesabu kwa Januari utadhani una mpaka Aprili, na Aprili utakuwa umechelewa.

Hesabu hizi sikuzijua kwa werevu wangu. Nimezijua kwa sababu ya yaliyompata Baba.

Baba alitimiza miaka 65 Mei 2016 akiwa bado kazini, kwenye kampuni kubwa yenye bima nzuri. Hapo hakukosea: mwajiri akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, unaweza kuahirisha Sehemu B, ile ya madaktari na vipimo, bila kuadhibiwa. Alistaafu mwisho wa Machi 2017. Siku ya kuaga, ofisi ya wafanyakazi ikampa bahasha na kumwambia bima yake itaendelea miezi 18 kupitia COBRA, utaratibu wa kubaki na bima ya kazini baada ya kuacha kazi, mradi ailipie mwenyewe. Baba akashukuru, akalipa kila mwezi bila kukosa. Hakuna aliyemwambia kwamba COBRA haihesabiki kama bima ya mtu aliye kazini, na kwamba tangu siku ile alikuwa na miezi 8 tu ya kuomba Sehemu B.

COBRA ikaisha Septemba 2018. Oktoba akaenda kuomba Medicare, akaambiwa nafasi yake maalumu imepita, angoje Januari. Aliomba Januari 2019, na kwa sheria ya wakati ule bima ikaanza Julai. (Tangu 2023 ukiomba kati ya Januari na Machi, bima huanza mwezi unaofuata. Hilo walirekebisha, na ninashukuru.) Kwa hiyo Baba alikaa miezi 9 bila bima ya daktari, akiwa na miaka 67.

Februari ya mwaka ule kifua kilimbana usiku. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika kikombe cha tangawizi. Nilipochukua simu niite gari la wagonjwa akaniambia, "Mwanangu, weka simu. Nani atalipa?" Tulikesha tumeketi hivyo mpaka alfajiri. Kifua kilitulia, lakini swali lile bado ninalisikia.

Kisha ikaja faini. Kila miezi 12 kamili unayochelewa, ada ya Sehemu B huongezeka kwa asilimia 10, na nyongeza hiyo hulipwa maisha yako yote. Baba alihesabiwa miezi 24, basi asilimia 20. Mwaka 2019 ada ilikuwa dola 135.50, faini yake ikawa kama dola 27 kwa mwezi. Mwaka huu wa 2026 ada ni dola 202.90, na faini imepanda pamoja nayo hadi dola 40 na ushei. Hukatwa kwenye malipo yake ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, kabla hata hajayaona. Nikiwa na uwezo, kila anayestaafu angeambiwa habari hii kwa mdomo, kwa lugha yake, siku anapokabidhi kitambulisho cha kazi.

Basi zamu ya Mama ilipokaribia, nilianza mapema. Watu wengi hudhani kadi itakuja yenyewe. Huja yenyewe kwa yule ambaye tayari anapokea malipo ya uzeeni ya Social Security angalau miezi 4 kabla ya kufika 65. Mama hakuwa anapokea chochote, kwa hiyo barua isingekuja. Ilibidi aombe.

Kanisani tulikuwa tumeambiwa kwamba Mama atauziwa Sehemu A, ile ya hospitali, kwa zaidi ya dola 500 kwa mwezi, kwa sababu hakufanya kazi miaka ya kutosha. Ni kweli Sehemu A haina ada kwa mwenye alama 40 za kazi, sawa na miaka 10 ya kukatwa kodi, na Mama alikuwa na 26 tu, za kusafisha ofisi usiku. Lakini walioeleza hayo walisahau jambo kubwa: mke anaweza kutumia alama za mumewe, na mume za mkewe. Baba alizidisha 40 zamani sana. Mjane naye anaweza kutumia za marehemu mumewe, na hata aliyeachika, ikiwa ndoa ilidumu miaka 10 na hajaolewa tena. Ninawaza akina mama wangapi wa kwetu wamekaa nyumbani wakilea wajukuu, wakiamini kwamba hawana haki.

Tulipiga simu ofisi ya Social Security, ambako ndiko Medicare huombwa, Septemba, siku ambayo nilikuwa sina zamu. Unaweza kuomba kwenye tovuti yao, lakini Mama alitaka kusikia kila kitu mwenyewe, na mkalimani ni haki yako, hulipi. Tukaomba wa Kiswahili. Baada ya muziki mrefu ikaingia sauti ya kijana: "Shikamoo mama." Mama alikaa wima kwenye kiti. "Marahaba, mwanangu." Nilimwona mabega yakishuka. Miaka yote hii nimekuwa nikimtafsiria kwa haraka, nikiruka maneno, na siku ile alijibu maswali yake mwenyewe, moja moja, huku akinionyesha kwa kidole ninyamaze.

Kilichotuchelewesha ni cheti cha ndoa. Hawakubali nakala ya fotokopi, wanataka chenyewe. Cheti cha 1981 kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya vitenge kwenye sanduku. Kimekunjwa mara nne, na mikunjo imekaribia kukatika. Baba alikipeleka ofisini mwenyewe, amekishika kwa mikono miwili, akangoja mpaka kikarudishwa. Mwanzoni mwa Novemba kadi ikafika: karatasi yenye nyekundu, nyeupe na buluu, na namba ya tarakimu na herufi 11. Namba hiyo hatumpi mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kwa heshima namna gani.

Baada ya kadi kuna uamuzi mwingine, na hapa nitasema ninavyoona. Sehemu A na B peke yake huacha mzigo. Kwa huduma nyingi za Sehemu B, ukishamaliza kiasi cha mwaka unachotoa mfukoni, bima hulipa asilimia 80 na wewe 20, bila kikomo. Wengine huchukua Medicare Advantage, mipango ya kampuni binafsi ambayo mara nyingi huongeza meno na miwani lakini huwa na orodha yake ya madaktari. Wengine hubaki na Medicare ya asili, yaani A na B, na kununua Medigap, bima binafsi ya kujazia mapengo yake. Tulimchagulia Mama Medigap aina ya G, kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya miezi 6 tangu Sehemu B ianze, kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa, na Mama ana sukari. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, wanaweza. Pili, Mama huenda nyumbani kila mwaka. Medicare hailipi hospitali ya Kenya. G hulipa asilimia 80 ya dharura ikitokea ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, baada ya wewe kutoa dola 250, na mwisho wake ni dola 50,000 kwa maisha yote. Si nyingi, lakini ni tofauti na sifuri.

Dawa ni Sehemu D. Tuliingiza dawa zake moja moja kwenye tovuti ya Medicare, ikatupangia mipango kwa gharama ya mwaka. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi, na mwaka huu akishafikisha dola 2,100 za dawa zilizo kwenye mpango, hatoi tena. Tunarudia zoezi hilo kila mwaka kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, maana mipango hubadilika.

Kwa mwenye kipato kidogo, ulizeni jimboni kwenu kuhusu Medicare Savings Programs, mipango ya kusaidia gharama za Medicare. Zinaweza kulipa ada ya Sehemu B na hata kufuta faini. Washauri wa SHIP, mpango wa kuwashauri watu kuhusu Medicare, wapo kila jimbo na hawatozi chochote, na hawauzi bima.

Na kama umemleta mzazi ambaye hana alama za kazi huku, zake wala za mwenzi wake, lazima awe na grini kadi na awe ameishi hapa miaka 5 mfululizo ndipo aruhusiwe kununua. Ndugu zetu wakimbizi, sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imefunga mlango kwa wasio na grini kadi bado. Mkimbizi anaweza kuiomba baada ya mwaka mmoja. Tafadhali msiache karatasi hizo zilale.

Mama Mdogo yuko Texas. Yeye ni wa mwaka 1962, na karani alikuwa yule yule: Januari mosi. Jana Mama alimpigia mwenyewe, sikumsaidia. Nilimsikia kutoka jikoni. "Si Januari, ni Septemba hii. Cheti cha ndoa kiko wapi? Hapana, hicho ni cha ubatizo. Nenda katafute, ninangoja."